Magofu ya ngome za Japani ni darasa, tuyaache yaseme

Mwaka 1901, katika kitabu cha nyimbo kilichotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za kati nchini Japani, palichapishwa wimbo kuhusu mwezi uangazao juu ya ngome iliyobomoka. Maneno yake yalitungwa na mshairi Doi Bansui, na muziki ukatungwa na kijana aitwaye Taki Rentaro, ambaye alifariki miaka miwili baadaye akiwa na umri wa miaka 23 tu. Wimbo huo, "Kojo no Tsuki", ungali unakumbukwa na Wajapani wengi waliokwisha kuwa wazee. Taki aliishi utotoni katika mji wa Taketa, kisiwani Kyushu, ambako gofu la ngome ya Oka limekaa juu ya jabali. Apandaye huko leo hakuti mnara wala paa. Hukuta kuta ndefu za mawe, miti, upepo, na sanamu ya kijana huyo mwanamuziki.

Nimeanza na wimbo huo kwa sababu unanishangaza. Wakati ulipochapishwa, Japani ilikuwa mbioni kujenga reli, viwanda na jeshi la kisasa. Taifa lililokuwa likiyatazama ya kesho kwa pupa namna hiyo liliona vyema watoto wake waimbe kuhusu mahame. Wapo waalimu waliofahamu kwamba kilichobomoka nacho kina somo lake.

Mwambie mwanafunzi yeyote achore ngome ya Kijapani, naye atakuchorea mnara mweupe wenye mapaa yaliyopangana kama mbawa za ndege. Picha hiyo ameiona katika kalenda, katika filamu na katika matangazo ya mashirika ya utalii. Lakini picha hiyo ni ya wachache mno. Ngome zilizowahi kujengwa nchini humo ni makumi ya maelfu, na minara mikuu ya kale iliyosalia, ambayo haikujengwa upya baada ya zama za makabaila, ni 12 tu. Kwa hiyo amtakaye kuijua ngome ya Kijapani kama ilivyo hana budi kuzuru magofu. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba gofu lililoachwa lilivyo humfunza mwanafunzi mambo ambayo mnara uliojengwa upya huyaficha, na kwamba waalimu wa historia, popote walipo, wangefanya vyema kuyajua hayo.

Yafaa kwanza tueleze jinsi ngome hizo zilivyogeuka kuwa magofu, maana hazikubomoka zote kwa siku moja wala kwa sababu moja. Kuanzia vita vya Onin vilivyozuka mwaka 1467, Japani iliingia katika zaidi ya karne moja ya mapigano ya makabaila. Kila kabaila, mkubwa kwa mdogo, alijitafutia kilima chake akakichimba handaki, akakizungushia maboma. Ngome nyingi za wakati huo zilikuwa za udongo na miti, na nyingi ziliachwa mara bwana wake aliposhindwa. Ukoo wa Tokugawa uliposhika hatamu za nchi ulitoa amri mwaka 1615 kwamba kila himaya ibakie na ngome moja tu, nyingine zote zibomolewe. Nia yake ilikuwa dhahiri: asiye na ngome hawezi kuasi.

Pigo la pili lilikuja baada ya utawala wa Tokugawa kuanguka mwaka 1868. Serikali mpya ya Meiji ilifuta himaya za makabaila mwaka 1871, na mwaka 1873 ikatoa amri iliyozigawa ngome katika mafungu mawili: zile ambazo jeshi lilizihitaji na zile za kuuzwa au kuvunjwa. Mbao zikanunuliwa kwa bei ya kutupa. Pigo la tatu lilikuwa vita vya mwaka 1945. Mnara wa Nagoya uliteketea kwa mabomu mwezi Mei mwaka huo, na ule wa Hiroshima ukaangushwa na bomu la atomiki tarehe 6 Agosti.

Hata miongoni mwa minara 12 iliyonusurika, ipo iliyookolewa kwa jasho la watu wa kawaida. Ngome ya Matsumoto ilikuwa imekwisha kupigwa mnada mapema katika enzi ya Meiji, wenyeji wakaikomboa. Miaka ilipopita mnara wake ulianza kuinama, na aliyeongoza kazi ya kuukarabati mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa Kobayashi Unari, mkuu wa shule ya kati ya mji huo. Waalimu wasomao makala haya na wauzingatie mfano huo. Aliyeunusuru mnara ambao leo ni hazina ya taifa alikuwa mwalimu mwenzao.

Sasa na tupande kilimani. Jambo la kwanza ambalo gofu humwonyesha mgeni ni kazi. Wahenga walinena kwamba vyaelea vimeundwa, na maneno yao yafaa kwa ukuta kama yafaavyo kwa jahazi. Mbele ya ngome nzima, macho ya mgeni hukimbilia juu, kwenye mapaa na mapambo. Mnara ukiwa umekwisha kuondoka, macho hayana pa kwenda ila kwenye mawe. Hapo ndipo mgeni atambuapo kwamba ukuta ulio mbele yake, mrefu kuliko nyumba, umepangwa bila saruji wala chokaa. Waashi mashuhuri wa kazi hiyo walitoka Ano, karibu na ziwa Biwa. Waliyapanga mawe karibu kama yalivyotoka ardhini, makubwa yakikabiliana na mzigo na madogo yakijaza nyufa, na nyuma ya ukuta wakamimina kokoto ili maji ya mvua yapite. Ukuta usiopitisha maji huvimba tumbo ukapasuka. Ule unaoyapitisha hukaa karne nne.

Ama haukai milele. Mwezi Aprili mwaka 2016 tetemeko la ardhi lilipiga Kumamoto mara mbili katika muda wa siku chache, na kuta nyingi za ngome ya mji huo zikaporomoka. Kibanda kimoja cha pembeni kilibaki kikishikiliwa na mhimili mwembamba wa mawe ya kona, kama mtu asimamaye kwa mguu mmoja. Mnara mkuu ulifunguliwa tena mwaka 2021, lakini ukarabati wa ngome nzima umepangiwa kuendelea hadi mwaka 2052. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka wa tetemeko hilo atakuwa mtu mzima wa miaka 36 kazi hiyo itakapokamilika, ikiwa ratiba itafuatwa. Je, kuna somo la hesabu au la sayansi lililo wazi kuliko hilo kuhusu thamani ya jiwe kuwekwa mahali pake?

Jambo la pili ambalo gofu huonyesha ni namna nguvu zinavyojengwa na zinavyopita. Hapa hapana mfano bora kuliko Azuchi, kando ya ziwa hilo hilo la Biwa. Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyekuwa karibu kuitia Japani yote mkononi mwake, alianza kuijenga mwaka 1576. Mnara wake ulikamilika mwaka 1579, na mwaka 1582 Nobunaga akasalitiwa na jemadari wake, akafa katika hekalu la Honnoji mjini Kyoto. Siku chache baadaye mnara wa Azuchi uliteketea, na aliyeutia moto ni mjadala hadi leo. Jengo ambalo wageni kutoka Ulaya walilistaajabia halikuishi hata miaka minne.

Kilichobaki ni ngazi pana za mawe zipandazo kilimani moja kwa moja. Mgeni akizipanda kwa haraka hataona kitu. Akizipanda huku akitazama mahali anapokanyaga, ataona kwamba baadhi ya mawe ya ngazi ni sanamu za Buddha na vipande vya mawe ya makaburi. Wajenzi waliokuwa na haraka ya kutimiza amri ya bwana mkubwa walichukua kila jiwe walilolipata, likiwamo lile ambalo watu waliliinamia kwa ibada. Padri Luis Frois, Mreno aliyeishi Japani wakati huo, aliandika kwamba jiwe moja kubwa lilipokuwa likikokotwa kupandishwa kilimani liliponyoka likawaponda watu zaidi ya 150. Vitabu vya shule hutaja kwamba Nobunaga "alijenga" Azuchi. Ngazi zile huuliza: ni nani hasa aliyejenga?

Azuchi inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya vile wengi wanavyodhani. Mwaka 1581 aliingia katika utumishi wa Nobunaga Mwafrika aliyejulikana kwa jina la Yasuke, aliyekuwa amefika Japani na msafara wa padri Alessandro Valignano mwaka 1579. Mwandishi mmoja wa shirika la Wajesuti, aliyeandika miongo kadhaa baadaye, alisema mtu huyo alitoka Msumbiji. Yasuke alikuwapo Honnoji bwana wake alipouawa, na baada ya hapo habari zake zinafifia. Valignano naye alikuwa amepewa na Nobunaga viambaza vya kukunjwa vilivyochorwa picha ya Azuchi, ambavyo hatimaye vilifikishwa kwa Papa Gregory XIII mjini Roma mwaka 1585. Waliofuatana na zawadi hiyo ni vijana wanne wa Kijapani, na walipokuwa wakirejea kwao walikaa kwa miezi Msumbiji wakingoja pepo za msimu. Viambaza vyenyewe vimepotea. Lau vingepatikana, tungejua sura halisi ya mnara wa Azuchi. Maadamu havijapatikana, kila mchoro wa mnara huo tuuonao vitabuni ni makisio ya wasomi, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linahusu ni nani anayekumbukwa. Katika rasi ya Shimabara, magharibi mwa Kyushu, ziko ngome mbili. Ya kwanza ni ngome ya Shimabara yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1618 na kabaila Matsukura Shigemasa. Himaya yake ilikuwa ndogo na ngome aliyoitaka ilikuwa kubwa, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wakulima. Kodi zilipandishwa, na mwanawe alipomrithi hakuzipunguza. Ukame na njaa vilipoongezeka juu ya kodi, na mateso ya Wakristo juu ya njaa, wakulima waliasi mwishoni mwa mwaka 1637. Wakajifungia katika ngome ya pili, ile ya Hara, iliyokuwa imekwisha kuachwa, juu ya majabali yatazamayo bahari. Kiongozi wao, Amakusa Shiro, alikuwa kijana wa umri wa mwanafunzi wa sekondari.

Jeshi la serikali, askari zaidi ya 120,000, liliwazingira kwa miezi. Ngome ilipoanguka mwaka 1638, waliokuwamo waliuawa karibu wote, wanaume, wanawake na watoto. Kwa kawaida idadi itajwayo ni watu 37,000. Kisha kuta zikaangushwa juu ya maiti ili mahali hapo pasitumike tena na pasikumbukwe. Serikali ilimkata kichwa pia yule kabaila mrithi kwa kuitawala vibaya himaya yake. Wahenga husema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Huko Hara nyasi zilithubutu kusimama, zikafyekwa.

Tangu mwaka 1992 wanaakiolojia wamekuwa wakichimbua Hara. Chini ya mawe yaliyoangushwa wamekuta mifupa ya binadamu, medali, shanga za rozari na misalaba midogo iliyotengenezwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Lugha yetu huyaita madini hayo na kitu kitokacho mdomoni mwa bunduki kwa jina moja, na kwa hiyo msomaji wa Kiswahili huelewa upesi. Watu waliozingirwa waliyeyusha risasi wakafanya alama za imani yao. Mwaka 2018 gofu la Hara liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na mahali pengine pa Wakristo waliojificha katika eneo la Nagasaki.

Sasa linganisha. Ngome ya Shimabara, ambayo kodi za kuijenga zilichangia kuwatia wakulima hasira, iliwekewa mnara mpya wa zege mwaka 1964. Ni mweupe na unapendeza, na ndani yake mna jumba la makumbusho ambalo, kwa haki, linaonyesha vitu vya Wakristo wa zamani. Ngome ya Hara haina mnara. Ni uwanda wa nyasi, mabaki ya kuta na bahari. Mtalii mwenye siku moja tu huenda akapiga picha Shimabara akaondoka. Mwanafunzi wa historia anapaswa kwenda kwenye zote mbili, na aanzie Hara.

Kuna gofu jingine huko Kyushu ambalo lafaa litajwe kwa sababu linahusu haya ya taifa. Hilo ni Nagoya ya Hizen, katika mji wa Karatsu, ambalo halihusiani na jiji kubwa la Nagoya. Toyotomi Hideyoshi aliijenga ngome hiyo kwa miezi michache tangu mwaka 1591, ili iwe kituo cha kuivamia Korea. Makabaila zaidi ya 100 walipiga kambi kuizunguka. Uvamizi ulianza mwaka 1592 na ukamalizika mwaka 1598, Hideyoshi alipofariki, baada ya kuiachia Korea maafa makubwa. Wafinyanzi wa Kikorea waliletwa Japani, na sifa ya vyombo vya kaure vya Arita, si mbali na hapo, ilianzia mikononi mwao. Ngome ikaachwa, na baadaye pembe za kuta zake zikabomolewa kwa makusudi ili asitokee mtu wa kuitumia tena.

Kuta hizo zimeachwa zikiwa na mapengo hayo hayo. Pembeni mwake, mwaka 1993, mkoa wa Saga ulifungua jumba la makumbusho ambalo kazi yake ni kueleza historia ndefu ya uhusiano baina ya Japani na Korea, na kuueleza uvamizi ule kuwa kosa la kutafakariwa. Mimi naona huo ni ujasiri. Ingekuwa rahisi kuinua mnara wa dhahabu kumtukuza Hideyoshi, na watalii wangemiminika. Badala yake pengo limeachwa likiwa pengo, na mtoto wa Kijapani na mtoto wa Kikorea wanaweza kusimama mbele ya ukuta ule ule wakaulizana maswali.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwamba mtoto mdogo hawezi kuona chochote katika rundo la mawe, na kwamba mnara humvuta aingie, kisha elimu humfuata ndani. Watasema pia kwamba mnara huleta wageni, na wageni huleta riziki. Watataja Osaka, ambako mwaka 1931 wananchi walichanga fedha zao wakajenga mnara wa zege uliosalimika katika mabomu ya mwaka 1945, na ambao wenyewe umekuwa sehemu ya historia. Watataja pia Ozu, ambako mwaka 2004 mnara ulijengwa upya kwa mbao kwa kufuata picha na mfano wa zamani, na mafundi seremala wakapata nafasi ya kurithishana ujuzi ambao ungetoweka.

Hoja ya Ozu naikubali. Palipo na ushahidi wa kutosha, na kazi ikafanywa kwa vifaa na maarifa ya asili, ujenzi wenyewe huwa shule. Lakini minara mingi iliyoinuliwa baada ya vita haikujengwa hivyo. Ilijengwa kwa zege, ikatiwa ngazi za kisasa na pengine lifti, na mingine ikapewa madirisha na ghorofa ambazo hazikuwapo. Zege nalo huzeeka. Mnara wa Nagoya uliojengwa mwaka 1959 ulifungiwa wageni mwaka 2018 kwa hofu kwamba hautastahimili tetemeko, hali kuta za mawe zilizo chini yake ni za karne ya 17. Huko Atami, mwaka 1959, ilijengwa ngome ya kitalii mahali ambapo hapakuwahi kuwa na ngome yoyote ya namna hiyo. Mtoto aliyepelekwa huko amefurahi, na furaha si dhambi. Lakini akirudi nyumbani akidhani ameona historia, ni nani atakayemsahihisha?

Wala nisije nikaeleweka kwamba magofu yapo salama mradi tu yasijengewe minara. Kupendwa nako kwaweza kuyaharibu. Gofu la Takeda, mkoani Hyogo, limekaa juu ya mlima wa mita 353, na asubuhi za msimu wa majani kupukutika ukungu hujaa bondeni hata kuta zikaonekana kama zinaelea angani. Ngome hiyo iliachwa mwaka 1600, bwana wake wa mwisho alipolazimishwa kujiua, na kwa karne nne ikakaa kimya. Kisha picha zake zikaenea, filamu ikapigwa huko, na mwaka 2013 wakafika wageni takriban nusu milioni. Nyasi zilikanyagwa zikafa, udongo ukamomonyoka, na mawe yaliyostahimili mvua za karne nyingi yakaanza kushindwa na viatu. Wenye mji walilazimika kutoza kiingilio, kutandaza mikeka, kufunga kamba za kuelekeza njia, na kuufunga mlima wakati wa majira ya baridi.

Wengi wa wageni hao walikuja kuuona ukungu. Waliupiga picha, wakashuka. Sidhani waliobeba jina la yule bwana aliyejiua walikuwa wengi. Kwangu mimi, huo ndio ufa ulio kati ya kuzuru na kutalii. Anayetalii huchukua picha yake akaenda zake, na anayezuru hurudi na swali ambalo hakwenda nalo.

Hapo ndipo kazi ya mwalimu ilipo. Gofu halijielezi lenyewe kwa asiyeandaliwa. Mwanafunzi apelekwapo kwenye kuta za kale bila kusoma chochote kabla, ataona mawe tu, naye ana haki ya kuchoka na kuulizia chakula cha mchana. Lakini mpe maswali manne kabla hajapanda basi. Mawe haya yalitoka wapi, na nani aliyebeba? Aliyejenga alimwogopa nani? Ni nani aliyebomoa, na kwa nini? Ni kitu gani kilichokuwapo hapa ambacho sikioni, na kwa nini kimetoweka huku mawe yakibaki? Mwanafunzi mwenye maswali hayo atadumu saa tatu katika gofu asiombe kuondoka. Ataanza kuliona handaki palipo na bonde la nyasi, na lango palipo na mawe mawili yanayotazamana.

Maswali hayo hayahitaji tikiti ya ndege. Ni wachache sana miongoni mwa wanafunzi wetu watakaopata nafasi ya kupanda Azuchi au Hara. Lakini wakati Hideyoshi alipokuwa akituma majeshi Korea, Wareno wale wale waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, mwaka 1593. Bahari moja iliziunganisha pwani hizo mbili, na Msumbiji ilikuwa kituo cha njiani. Na mahame ya Gede, yaliyoanza kuchimbuliwa na James Kirkman mwaka 1948 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yana kuta zinazongoja maswali yale yale. Kila mwaka mabasi ya shule huteremsha watoto mahali hapo. Wangapi kati yao wamewahi kuulizwa, kabla ya safari, ni nani aliyeyachonga mawe ya matumbawe, au watu wa mji ule walikwenda wapi?

Nasema hivi kwa sababu nahofia tunawalea vijana watakaodhani kwamba historia ni kitu kilichokamilika, chenye rangi nzuri na mlango wa kuingilia. Historia haiko hivyo. Sehemu kubwa yake imevunjika, na aliyeivunja mara nyingi alikusudia tusiione. Waliozika maiti za Hara chini ya kuta walitaka zisahauliwe. Zimekumbukwa kwa sababu hapakujengwa juu yake jumba la fahari, na kwa sababu walitokea watu wenye subira ya kufukua kidogo kidogo kwa mikono.

Mwalimu mwenzangu, utakapofundisha tena habari za Japani, usiishie kwenye ule mnara mweupe wa kwenye kalenda. Wasimulie wanafunzi wako kuhusu ngazi zenye sanamu za Buddha, kuhusu msalaba uliotengenezwa kwa risasi, na kuhusu pembe za ukuta zilizovunjwa na kuachwa zilivyo. Nawe mwanafunzi, siku utakayosimama mbele ya gofu, liwe la Kyushu au la Kilifi, usiulize kwanza lilikuwa zuri kiasi gani. Uliza ni nani aliyelipa.